Kutembea na Mbwa Msitu wa Karura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwaka wa tisa huu naenda Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi, na Bosco, mbwa wa kienyeji mwenye sikio moja lililolala. Majirani wakituona tumerudi na matope hadi magotini huniuliza maswali yale yale, na wengine hunipigia simu Jumamosi alfajiri wakiwa tayari wamefika langoni. Haya hapa majibu.

Kwani mbwa wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa, mradi wawe wamefungwa kamba tangu langoni hadi unapotoka. Watu wengi huchanganya Karura na Mbuga ya Taifa ya Nairobi kule Lang'ata. Mbuga za taifa hazikubali mbwa hata akiwa ndani ya gari. Karura si mbuga, ni msitu wa serikali unaosimamiwa na Huduma ya Misitu Kenya, yaani KFS, kwa ushirikiano na chama cha wananchi kiitwacho Friends of Karura Forest. Ndiyo maana unawakuta humo wakimbiaji, waendesha baiskeli, wapanda farasi, watu wa pikiniki, na sisi wenye mbwa.

Msitu wenyewe ni mkubwa kiasi gani? Nitapotea?

Ni hekta 1,041 hivi, katikati ya nyumba za Muthaiga, Gigiri, Runda na barabara ya Kiambu. Barabara ya Limuru imeukata, na kile kipande cha magharibi ndicho kinaitwa Sigiria. Njia za kutembea zinapita kilomita 50, na kwenye njia panda kuna vigingi vyenye nambari. Piga picha ya ramani iliyobandikwa langoni, kisha kila ukifika kwenye kigingi angalia nambari. Ukikwama na kupiga simu kuomba msaada, "niko karibu na mti mkubwa" haitamsaidia mtu yeyote.

Ulitangazwa kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932, lakini ulinusurika kwa jasho. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika la kupanda miti, wakaenda kupanda miche, na tarehe 8 Januari 1999 walinzi wa kukodiwa wakawashambulia, yeye akapasuliwa kichwa. Miaka mitano baadaye akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata baada ya ushindi ule watu waliogopa kuingia, maana msitu ulikuwa na sifa ya wezi na maiti zilizotupwa. Ni uzio wa umeme, maskauti (yaani walinzi wa msitu) waliotoka vijiji vya jirani, na wananchi waliojitolea ndivyo vilivyoufungua tena. Nayasimulia haya kwa sababu moja: tunapoingia na mbwa wetu, tunaingia mahali ambapo watu walimwaga damu ili pabaki msitu.

Mbwa wangu ni mtiifu, nikimwita anakuja. Kwa nini nimfunge kamba?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu langu ni refu kwa sababu nililipia ada yake.

Ndani ya Karura kuna paa wadogo kama sungura mkubwa, funo, pongo, kima, nungunungu, fungo na kanu. Kuna nguruwe mwitu wanaotoka usiku. Kuna mbega weusi kwa weupe walioletwa kutoka upande wa Kipipiri, Nyandarua, katika miaka ya 2010 baada ya aina hiyo kutoweka hapa. Juu ya miti mirefu huzaliana tai mkubwa mwenye kishungi, ambaye kima humwogopa kuliko anavyomwogopa mbwa wako. Wanyama hawa wamezungukwa na uzio wa umeme pande zote. Swala wa porini akifukuzwa na mbwa anaweza kwenda kaunti nyingine. Paa wa Karura atakimbia hadi kwenye waya, basi.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimenunua kamba ya bei poa barabarani, yenye kichuma cha kubana ambacho hata mtoto angekifungua. Tulikuwa kwenye kona yenye majani mengi, paa akachomoka mbele yetu kama jiwe la manati, Bosco akavuta, kichuma kikaachia. Nilibaki na kamba mkononi. Niliita hadi sauti ikakauka. Mbwa ambaye nyumbani huja nikifungua tu mlango wa friji hakusikia hata jina lake. Dakika arobaini baadaye skauti alimkuta mtoni, ulimi nje, mguu umechanwa na miiba, amejaa furaha tele. Paa sikumwona tena. Wanyama wale wadogo wanaweza kufa saa kadhaa baada ya kukimbizwa, bila hata kuguswa, kwa mshtuko na misuli kuungua. Sijawahi kujua kama yule alipona.

Skauti hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mzee, wenye mbwa wakizidi kuwa hivi, siku moja mtafungiwa lango." Tangu siku hiyo nafunga kamba imara ya mita mbili hivi, kwenye mikanda ya kifuani badala ya kola, maana mbwa mwenye shingo nene hujivua kola akirudi kinyumenyume. Zile kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kiboksi ziache nyumbani. Zinamfikisha mbwa kwa mnyama kabla hujabonyeza breki.

Watu wengi Nairobi wanaogopa mbwa. Nifanye nini tukikutana njiani?

Wana haki ya kuogopa. Tumekulia mbele ya mageti yaliyoandikwa "Mbwa Kali", na mbwa wengi wa mjini wanafugwa ili watishe watu. Anayekutana na Bosco hajui kwamba Bosco anaogopa ndoo.

Ukiona mtu mbele, fupisha kamba, sogea pembeni, na wewe ukae katikati ya mbwa na mtu. Msalimie mtu kwanza. Usiseme "haumi huyu", maana hakuna sentensi iliyoaibisha wenye mbwa mjini hapa kama hiyo. Sema "nimemshika", kisha uwe umemshika kweli.

Wapo pia Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wao hapa kwetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi: yakigusa nguo au mwili, pahali pale paoshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Mama aliyevaa buibui lake safi akakaa kando mpaka upite hajakutukana. Mpishe mapema, umwambie "samahani, mama", mpite salama wote. Na mtoto akija mbio akitaka kumshika mbwa, msimamishe wewe kabla mzazi hajapiga kelele, umuulize mzazi, kisha mwoneshe mtoto kushika kifua, si kichwa.

Wangu amelelewa nyuma ya geti. Hajawahi kutoka. Nianzie wapi?

Usianzie Karura. Mbwa wengi wa Nairobi hufungiwa kibandani mchana na kuachiliwa usiku kulinda. Kwake yeye kila kiumbe kinachopita ni mwizi, na hilo ndilo tulilomfundisha. Ukimtoa ghafla ukamwingiza kwenye msitu wenye kima juu, baiskeli nyuma na harufu elfu moja chini, atachanganyikiwa, na mbwa aliyechanganyikiwa huuma.

Wiki ya kwanza mvalishe mikanda ndani ya uwanja tu, umpe chakula akiwa ameivaa. Ya pili, simameni nje ya geti dakika kumi, msiende popote. Aangalie bodaboda, watoto wa shule, mama wa mboga. Kila akikutazama wewe badala ya kubweka, mpe kipande cha nyama. Utumbo wa kuku uliochemshwa na kukaushwa ni bei rahisi na kwa Bosco haujashindwa hata siku moja. Kisha barabara ya mtaani alfajiri, kisha barabara hiyo hiyo jioni. Mimi nilichukua miezi miwili. Rafiki yangu mwenye mbwa wa Kijerumani alichukua mitano, na hakuna aibu hapo.

Siku ya kwanza msituni chagua Jumanne au Jumatano asubuhi, mtembee nusu saa, mrudi nyumbani akiwa bado anataka kuendelea. Kama ana historia ya kuuma, mzoeshe kifunga mdomo cha aina ya kikapu kinachomwacha ahemee na anywe maji. Watu watamkwepa, na hilo ni jambo zuri.

Tafadhali usimpe mlinzi au dada wa nyumbani kazi ya kumpeleka kama wewe mwenyewe hujawahi kumshika kamba. Nimeona kijana ameburutwa kwenye changarawe na mbwa wa kilo hamsini aliyemwogopa kuliko mgeni yeyote.

Chanjo zipi ni lazima?

Kichaa cha mbwa kwanza, kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Weka picha ya cheti kwenye simu. Ugonjwa huu ukishaonesha dalili kwa binadamu karibu wote hufa, na kwa sehemu kubwa Wakenya huupata kwa kuumwa na mbwa. Serikali ilijiwekea lengo la kuutokomeza kufikia 2030.

Halafu distempa na pavo, magonjwa mawili ya virusi yanayoua mbwa. Mtu atauliza, distempa inahusu nini msituni? Mwaka 1994 virusi hivyo viliwaingia simba wa Serengeti na Mara, vikaua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na waliotiliwa shaka kubwa ni mbwa wa vijiji vya karibu wasiochanjwa. Karura haina simba, lakini ina fungo na kanu na viumbe vingine ambavyo daktari wa mifugo hawapigii sindano.

Mtoto wa mbwa akae nyumbani mpaka amalize chanjo za mwanzo. Jike aliye kwenye joto naye abaki nyumbani, kwa amani ya kila mtu.

Kinyesi nikizoe na nini, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku?

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Plastiki nyingine za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi kwenye misitu na mbuga tangu tarehe 5 Juni 2020. Langoni wanaangalia, hivyo usije na katoni ya chupa ukatarajia kubishana.

Mimi hutumia gazeti la jana ndani ya bahasha ya kaki, kisha naitia kwenye kopo la zamani la chai lenye kifuniko, naondoka nayo. Ndiyo, natembea na kopo la kinyesi mkobani. Unazoea. Usiamini hadithi kwamba "ni mbolea": mbwa anayekula nyama na dagaa anaacha minyoo na vijidudu ambavyo mvua inavipeleka moja kwa moja mtoni. Na ukikuta kilichoachwa na mwenzako, kizoe tu. Mpita njia hatofautishi mbwa wako na wake.

Anywe maji ya mto?

Hapana. Mito ya Karura, Ruaka na Gitathuru hupita kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni, na siku nyingine pua yako itakuambia ilikopita. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini hawakuzungumzia maji taka. Bosco alikunywa mara moja nikiwa napiga picha, akaharisha siku tatu. Beba lita moja kwenye chupa ya chuma na kibakuli cha bati. Hali ya hewa ya Nairobi hutudanganya kwa ubaridi wa asubuhi, ila mbwa mwenye pua fupi huanza kuhema vibaya ikifika saa tano tu.

Kuna kupe? Na siafu?

Wapo wote wawili. Kupe wanajaa zaidi baada ya mvua, wanakaa nchani mwa nyasi wakinyoosha miguu. Mpe mbwa dawa ya kinga, ya kidonge au ya kupaka shingoni, halafu mkirudi mpapase kwa vidole: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Ng'oa kwa kibanio karibu na ngozi, vuta taratibu bila kusokota. Usimwagie mafuta ya taa. Wiki mbili tatu zinazofuata, akipoteza hamu ya kula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au akatokwa damu puani, huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo. Homa ya kupe inatibika ikiwahiwa.

Siafu ni habari nyingine. Utaona mstari mweusi unaokatiza njia kama kamba iliyoangushwa. Wewe utauruka, mbwa atasimama juu yake kunusa. Ukisikia analia na kuinua miguu kwa zamu, mtoe mbio angalau mita ishirini kwanza, ndipo uanze kumng'oa mmoja mmoja. Ukiwa umesimama pale pale ukimsaidia, wanapanda nanyi nyote.

Thabai huwasha pua ya mbwa anayeingia vichakani, na kishona nguo hujaza manyoya. Nyoka wapo, lakini hujiondoa wakisikia hatua. Ukibaki katikati ya njia hutawaona.

Njia ipi ni nzuri kwa mbwa?

Wengi hukimbilia maporomoko ya mto Karura, ambayo urefu wake ni takribani mita 15. Ni pazuri, ila kuna ngazi zenye utelezi, na wikendi watu wamejaa wakipiga picha. Karibu na hapo kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha miaka ya 1950. Hapo mimi hubaki nje na Bosco. Ni mahali pa kumbukumbu, na mbwa akiona pango wazo lake la kwanza ni kuinua mguu.

Mimi napendelea sehemu za msitu wa asili, penye mihugu ambayo mbao zake wachongaji wa vinyago walizipenda mpaka miti ikaadimika, na mikinduri inayodondosha matunda magumu. Ardhi ni laini kwa nyayo na kivuli hakikatiki. Sehemu za mikaratusi ziko wazi zaidi, unaona baiskeli ikija kutoka mbali, kwa hiyo zinamfaa mbwa anayeanza. Kwenye ziwa dogo lenye mayungiyungi kuna ndege wengi majini, hivyo shika kamba kwa mikono miwili.

Niende siku gani, saa ngapi?

Siku za kazi, lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili mchana ni ya familia na baiskeli. Baada ya mvua kubwa udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na gari lako halitasahau.

Sina gari. Nitafikaje?

Matatu nambari 100 ya Kiambu inapita kwenye malango ya upande ule, na za barabara ya Limuru zinapita upande wa pili, lakini makanga wengi hawatapokea mbwa. Ukiita teksi kwa programu ya simu, mwandikie dereva kabla hajafika kwamba una mbwa, beba shuka kuukuu la kutandika, na umwongezee kitu kidogo. Dereva mmoja alikataa, nikamwelewa. Mwingine alishuka, akampa Bosco jina jipya, na sasa namba yake ninayo.

Malipo?

Hulipwa kwa simu, si kwa noti, na raia hutozwa kidogo kuliko mgeni, hivyo kitambulisho kisibaki nyumbani. Viwango hubadilika. Vitazame kabla hujaondoka.

Mbwa wangu akimuuma mtu je?

Mfunge mbwa kwanza. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo na hata kama mbwa wako amechanjwa. Mpe cheti, mpe namba yako ya simu, lipa gharama. Mbwa asifukuzwe wala kuuawa kwa hasira: huzuiliwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Akibaki mzima, hakuwa na virusi hivyo mateni alipouma.

Na akinichomoka?

Usimkimbilie, atadhani mnacheza. Simama mlipoachana, umwite kwa sauti ya kawaida, na uwapigie maskauti ukiwatajia nambari ya kigingi cha karibu. Acha shati lako hapo kama unalazimika kusogea. Wengi hurudi pale pale.

Mbwa mzee bado anaweza kwenda?

Bosco ana miaka kumi na moja sasa na nyonga zimeanza kugoma. Tunaingia lango la barabara ya Limuru, tunafika kigingi cha kwanza, anakaa chini na kunusa upepo kwa dakika ishirini hivi. Kima wakimzomea kutoka juu hainui hata kichwa. Akisimama mwenyewe, tunarudi kwenye gari.